Kocha, Sindano na Mapacha

Binti yangu Koku aliponiambia kwamba safari hii atazunguka kisiwa cha Musira na Mapacha, nilikuwa nakula. Niliacha kula. Mke wangu alinitazama, akaona tonge la ndizi limesimama njiani, akasema, "Nenda Muleba ukamchukue Kocha. Yeye akimkataza, atasikia." Hakusema nimkataze mimi. Nyumbani kwangu wote wanajua kwamba mimi ni mwoga wa maji, na mwoga akimkataza mtoto aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, mtoto anacheka tu. Tena Koku anacheka kwa heshima, ambayo ni mbaya zaidi.

Mapacha si watu. Ni chombo cha tanga cha mashindano: mitumbwi miwili myembamba iliyofungwa sambamba, na katikati yake wavu uliokazwa ambao unaweza kuulalia ukapata usingizi. Wana ndugu yao anaitwa Sindano, mtumbwi mmoja tu, mwembamba, mwepesi, wenye matanga makubwa kuliko akili yake. Vyote viwili viliachwa ufukweni Bukoba na mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza kazi zake akarudi kwao. Vingeozea pale pale, watoto wakivifanyia bembea, kama asingekuwapo Kocha. Jina lake analo na watu wa Bakoba, mtaani kwake, wanalijua, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia, na mimi sitaanza leo.

Huo ukocha haukuanzia majini. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na shule ilimpa timu ya mpira kwa sababu alikuwa na filimbi. Timu ile sikuwahi kuiona ikishinda. Aliwafundisha vijana wake kuanguka vizuri, wasivunjike mkono, na kweli walianguka vizuri kuliko timu zote za mkoa. Shule ilipompa mtu mwingine mpira ule, yeye aliondoka na filimbi yake shingoni akateremka ufukweni, akakuta vile vyombo viwili vimelala mchangani. Hakuwa na wa kumfundisha. Alijifunza kwa kupinduka, mbele ya wauza samaki waliokuwa wanamcheka mpaka wanasahau wateja.

Watu walipenda kumwuliza kati ya Sindano na Mapacha ni kipi chenye kasi zaidi, na swali hilo lilimkera. "Kasi ya kwenda wapi?" alikuwa anauliza. Ukiwa na njia iliyonyooka na upepo wa ubavuni, Mapacha wanaiacha Sindano mbali sana. Mtumbwi mmoja unanyanyuka juu ya maji, mwingine unakata, na wewe umekaa kwenye wavu kama bwana harusi. Lakini kwenye kugeuka, Sindano inageuka kama mbuzi. Mapacha ni mpaka uwabembeleze, na wakikataa wanasimama uso kwa uso na upepo, matanga yanapigapiga, na unaanza kurudi kinyumenyume watu wakikuona. Kwa hiyo siku ya upepo mdogo na kona nyingi, Sindano inashinda. Siku ya upepo mkubwa na maji mapana, Mapacha wanashinda, ikiwa watafika.

Hilo la kufika ndilo alilolirudia mpaka tukalijua kwa moyo. "Sindano inagomba na wewe kila siku," alisema. "Asubuhi inagomba, jioni inagomba, lakini ukirudi nyumbani unaikuta ipo. Mapacha hawagombi. Wanakupikia, wanakutandikia, wananyamaza. Halafu siku moja unakuta wamefungasha wameondoka." Mke wake, aliyekuwa anauza vitumbua pale pale ufukweni, siku moja alimwuliza mbele ya watu kwamba yeye ni yupi kati ya hao wawili. Kocha alijibu kuwa chai inapoa.

Maana yake ilikuwa hii. Sindano inasimama kwa sababu inakwenda. Ikipungukiwa mwendo inalala ubavu, hata kama hakuna aliyeikosea. Unapinduka nayo kila mara. Lakini ukiisha kupinduka unaupanda ule ubao unaochomoza chini ya tumbo lake, unaegemea nyuma, inasimama, mnaendelea na safari mkiwa mmelowa. Mapacha ni wapana, hawapinduki ovyo, na ndiyo maana wanaoanza wanawapenda. Wakipinduka inakuwa katika upepo mkali ukiwa nyuma yako: pua zote mbili zinazama, chombo kinabinuka, mlingoti unaelekea chini. Na upana ule ule uliokuwa unakulinda ndio unaokataa kurudi. Nilipoelewa jambo hilo, niliwaogopa Mapacha hata wakiwa nchi kavu. Nilikuwa nawazunguka kwa mbali nikipita.

Nieleze sasa jinsi mwoga kama mimi alivyoingia humo. Kwetu ni Izimbya, migomba na kahawa, maji yetu ni ya mvua na ya kisima. Nilikuja Bukoba kwa kazi ya ofisini, na jioni nilipenda kwenda ufukweni kutazama ziwa nikiwa nimesimama mbali nalo. Kocha alikuwa anatafuta mtu wa kuning'inia nje ya Sindano, aizuie isilale. Alikuwa na kijana mmoja hodari, mvuvi, asiyeogopa kitu, aliyekuwa tayari kupanda hata saa ile. Kocha alimpita, akaja mpaka pale niliposimama, akautazama mwili wangu, ambao hata siku hizo haukuwa mdogo.

"Wewe Mzito," alisema, "unaogopa maji?"

"Sana, Mwalimu."

"Njoo basi."

Yule mvuvi alilalamika, na alikuwa na haki. Kocha akamwambia, "Nikipanda na asiyeogopa, nitaogopa peke yangu." Tulicheka wote. Tuliona ni utani wa mzee anayetaka mtu mnene wa kumwekea mtumbwi sawa.

Nimening'inia kwenye Sindano miaka mingi, na sikuwahi kuizoea hofu ile. Unavaa mkanda kiunoni, mkanda una ndoano tumboni, ndoano inashika waya unaotoka juu mlingotini. Unakanyaga ukingo wa mtumbwi na kuulaza mwili wako wote nje, mgongo juu ya maji. Mbele yako kuna tanga na mawimbi. Mwenye usukani yuko nyuma yako. Kwa hiyo katika miaka yote ile mimi uso wa Kocha tukiwa majini sikuuona. Nilisikia sauti yake tu. Na sauti ilikuwa moja. Upepo ukiwa mwembamba au ukiwa unataka kutung'oa, ilikuwa ile ile, laini, ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Hivyo hivyo, Mzito. Hivyo hivyo." Mimi magoti yanatetemeka mpaka waya unaimba, na nyuma yangu mtu anasema hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba Mungu amewagawia watu hofu, na ya Kocha amenipa mimi niibebe pamoja na yangu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nchi kavu alikuwa anaogopa kila kitu. Aliogopa ng'ombe, hata ndama. Radi ikipiga alikuwa anavua saa mkononi na kuiweka mbali, akikaa katikati ya chumba. Bodaboda hakuwahi kupanda, alitembea kutoka Bakoba mpaka sokoni na mzigo wake kichwani huku vijana wa bodaboda wakimfuata polepole na kumtania, "Kocha, panda, hii haipinduki." Samaki hakuwa anakula. Mtu wa ziwa, nyumba inanuka kamba mbichi na matanga, na mezani ni maharage. Nilimwuliza kwa nini. Alisema wale tunapishana nao kule, siku moja wanaweza kuuliza habari za ndugu zao. Na alikuwa anaogelea vibaya, kama mbwa, kichwa juu na macho yamemtoka.

Lakini kitu alichojulikana nacho zaidi ni salamu. Huku kwetu mtu hapiti mbele ya mkubwa bila kusalimia, na mtoto wa Kihaya aliyelelewa anapiga goti. Kocha aliichukua adabu hiyo akaishusha majini. Asubuhi ya mashindano, kabla hujaondoka, lazima uipindue Sindano kwa makusudi, hapo hapo karibu, watu wakiona. Uingie chini yake, ufungue ndoano yako gizani, utoke, uisimamishe, ndipo uende. Huko ndiko kulisalimia ziwa. Alisimama mchangani na filimbi yake akimwuliza kila mmoja, "Umesalimu?" Nguo kavu zilikuwa jibu tosha, na mwenye nguo kavu alirudishwa.

Alikuja mgeni mmoja kutoka Mwanza, mtu mwenye vikombe nyumbani kwake, akasema yeye si mtoto wa kupinduliwa. Kocha hakubishana naye. Aliuchomoa mti wa usukani wa Sindano, akaenda nao kwenye banda la mkewe, akaukalia akaagiza vitumbua. Tulingoja. Jua lilipanda. Mwishowe yule mgeni alikuja akachukua usukani wake kwa heshima, akaenda akajilowesha, na baadaye siku ile ile alipopinduka kwa kweli nyuma ya Musira alitoka haraka kuliko wote. Jioni alimletea Kocha samaki mkubwa kwa shukrani. Tulikula sisi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kulegeza sheria. Kwa Mapacha, hata hivyo, alilegeza. Mapacha wakipinduliwa, kuwainua ilikuwa kazi ya nusu ya ufukwe, wanaume wanavuta kamba, wengine wamesimama kwenye mtumbwi wa chini, na asubuhi yote inaishia hapo. Alijaribu mara moja, akachoka, akasema, "Hawa ni wageni wa heshima. Tutawasalimia wakirudi." Ikawa desturi. Ukipanda Sindano unasalimu, ukipanda Mapacha unakwenda na nguo zako kavu. Hakuna aliyeliona ni jambo la ajabu. Watu wa pwani wangetushangaa, lakini sisi tulikuwa tumeshazoea.

Mke wake alipofariki, Kocha alipungua ghafla. Goti lake la kulia likaacha kukunjika. Dada yake aliyeolewa Muleba akamchukua, akampa chumba kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, mahali ambapo ziwa halionekani hata ukipanda mti. Huko ndiko nilikomfuata na gari la kukodi, siku ya mashindano, asubuhi. Nilimkuta ameshavaa. Alikuwa amekaa barazani na filimbi shingoni, na mapajani ameweka dumu tupu la mafuta ya kula, la njano, limefungwa kifuniko kwa mpira.

"Waitu Kocha," nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, baada ya kusalimiana na dada yake, "nimekuja unisaidie. Koku anataka Mapacha."

"Na nani?"

"Na rafiki yake Zuhura."

"Zuhura yule mwembamba?"

"Wote wembamba."

Akanyanyuka na dumu lake. Njiani alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kumwomba dereva apunguze mwendo, dereva akapunguza, akaomba apunguze tena, mpaka baiskeli ya mwenye ndizi ikatupita. Nilimsihi amkataze Koku. Nilimwambia maneno yake mwenyewe: Mapacha hawagombi, wanafungasha. Alitikisa kichwa. "Nilisema mimi," alisema. "Ila nimkataze kwa sababu gani? Kwa sababu ni mwanao?" Nilitaka kusema ndiyo. Ni sababu nzuri kabisa, hata leo siioni kasoro yake.

Ufukweni palikuwa na watu, na mitumbwi ya wavuvi imekwishapandisha matanga, kwa kuwa nao hushindana siku hiyo. Sindano ilikuwa majini na vijana wawili waliolowa chapachapa, wameshasalimu. Mapacha walikuwa wanang'aa. Koku alikimbia kuja kumpigia goti Kocha, kisha akanitazama mimi kwa jicho la kujua nilichofuata Muleba.

"Umesalimu?" Kocha akamwuliza.

"Mapacha hawasalimu, Kocha." Alishangaa kabisa. "Si ulisema mwenyewe?"

Nilikuwa karibu naye, nikaona mkono ulioshika dumu ukishuka. Alifungua mdomo, akautazama ufukwe, watu, mitumbwi iliyokuwa inajipanga, na mwanzishaji aliyekuwa ameshashika bendera. Hapakuwa na nafasi tena ya kuwapindua. Akaomba mlingoti wa Mapacha ulazwe, akalifunga lile dumu juu kabisa kwenye ncha, kwa fundo na fundo juu ya fundo. Zuhura alisema watu watawacheka, wataonekana wamekwenda kuchota maji. "Wacheke," Kocha akasema. "Mlingoti ukilala, hili halitakubali kuzama." Koku aliinama akaniambia sikioni, "Tata, usiogope," kama vile mimi ndiye mtoto na yeye ndiye baba. Wakaondoka.

Walikwenda vizuri mno. Upepo ulikuwa wa ubavuni, mtumbwi mmoja umenyanyuka, na lile dumu la njano linakimbia juu mbinguni. Waliiacha Sindano, wakawaacha wavuvi, wakaingia nyuma ya Musira wakiwa wa kwanza. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa natazama kule nyuma ya kisiwa, ambako mbingu ilikuwa imebadilika rangi.

Mvua za asubuhi kwetu zinatoka ziwani, na haziji peke yake. Upepo ulifika kabla ya tone la kwanza. Banda la vitumbua, ambalo sasa ni la mtu mwingine, liliinuka likaanguka. Mitumbwi mitatu ya wavuvi ilijaa maji karibu na nchi, na boti ya injini iliyokuwa ya kuokoa ikaenda kwao, maana walionekana. Sindano ilipinduka, ikasimama, ikapinduka, ikasimama, na baada ya kugomba kwake kote ikarudi ufukweni, vijana wake wanatapika maji lakini wazima. Mvua ilipita kwa kishindo, ikaelekea milimani. Ziwa likaonekana tena. Kisiwa kikaonekana. Nyuma ya kisiwa hakikutokea kitu.

Kocha alikuwa ameshaingia ziwani mpaka magotini, ameshika ubavu wa Sindano, anawaambia wale vijana washuke.

"Mzito," alisema. "Vaa jaketi la kuokolea."

"Kocha, goti lako."

"Ndiyo. Kwa hiyo leo usukani ni wako. Mimi nitakaa mbele."

Sikuwahi kushika usukani wa Sindano. Nilikuwa najua kuning'inia tu, na hata huko nilikuwa nimeacha tangu Koku akiwa mdogo. Lakini miguu yangu ilipanda. Upepo ulikuwa bado una nguvu, mawimbi ya mvua bado yamevurugika, na tulikwenda tukikata huku na huku kuuelekea upepo, Kocha ameketi ukingoni mbele yangu na goti lake limenyooka kama ubao, ameshika kamba ya tanga dogo, amenipa mgongo. Nilikuwa natetemeka mpaka mti wa usukani unatetemeka nami. Nilingoja ile sauti. Nilihitaji ile sauti kuliko hewa. Haikuja.

"Kocha," nikaita.

Akageuka. Sitausahau uso ule. Macho yalikuwa yamemtoka kama anavyoogelea, midomo imekauka na inacheza, anasoma dua bila kutoa sauti. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na ng'ombe kwenye kichochoro. Nilijua papo hapo kwamba uso huu si wa leo.

"Sema basi," akaniambia. "Usininyamazie."

"Niseme nini?"

"Nilichokuwa nakuambia."

"Ina maana miaka yote ile—"

"Ulifikiri nilikuwa nakaa nyuma kwa nini?" Wimbi likampiga, akashika kamba kwa mikono miwili. "Sema, Mzito!"

Sijui sauti niliitoa wapi. "Hivyo hivyo, Kocha," nikasema. "Hivyo hivyo." Mabega yake yakashuka kidogo, akageuka mbele, akaikaza kamba, na Sindano ikasimama vizuri. Nami nikaendelea kusema, kila wimbi, hivyo hivyo, mpaka tukaipita ncha ya kisiwa.

Tuliona njano kwanza. Dumu lilikuwa linaelea, na mlingoti umelala juu ya maji ukiwa umeshikiliwa nalo, na Mapacha wamesimama ubavu, mtumbwi mmoja juu, mmoja chini. Kwenye ule wa chini kulikuwa na mtu mmoja ameshika kamba, anavuta, anaanguka, anavuta. Mmoja tu. Alikuwa Zuhura. Niliita jina la mwanangu, na sauti yangu ikarudi kwenye miamba ya Musira peke yake. Kisha nyuma ya wavu kikatokea kichwa, kikatema maji, kikasema, "Tata? Umekuja na nini?"

Alikuwa anafungua kamba iliyonasa kwenye tanga. Walikuwa wazima wote wawili, lakini midomo imebadilika rangi. Walikuwa wamejaribu kuwainua Mapacha tangu mvua iliponyesha. Mlingoti unanyanyuka kidogo, maji yanamwagika, unarudi chini. Walifanya kila kitu sawasawa, ila wembamba wao haukutosha, na ufukweni hakuna aliyewapa nafasi ya kulijua hilo mapema. Kocha alikuwa ameshalishusha tanga la Sindano, amelala kifudifudi ndani yake isipinduke. Alikuwa analia. "Ningewapindua," alisema. "Ningewapindua pale pale ufukweni, wakajua." Halafu akainua kichwa akanitazama, akautazama mwili wangu vile vile kama siku ile ya kwanza.

Alichotaka nilikielewa. Kati ya Sindano na Mapacha palikuwa na maji meusi ya upana wa chumba kimoja cha kulala, na chini yake sijui nini. Nilifumba macho nikajitupa. Baridi ilinikaba. Niliogelea kama Kocha, kichwa juu, nikafika, Koku akanishika mkanda akanivuta kwenye ule mtumbwi wa chini. Tukaishika kamba watatu, tukaegemea nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliushukuru ugali wote niliowahi kula. Mlingoti ukanyanyuka, dumu likatoka majini likichuruzika, tanga likamwaga mzigo wake, na Mapacha wakaanguka chini kwa miguu yote miwili na kishindo kilichonitupa tena ziwani.

Niliponyanyuliwa kwenye wavu, Sindano ilikuwa imeshafungwa nyuma kwa kamba, Kocha yuko ndani yake. Mikono ya Koku ilikuwa imekufa ganzi, haikuweza kushika usukani. Nikaushika mimi. Yeye na Zuhura wakakaa mbele yangu, wamekumbatiana, migongo kwangu. Bukoba ilikuwa mbali, ndogo, na upepo sasa ulikuwa nyuma yetu, ule ule unaozamisha pua za Mapacha. Nilikuwa natetemeka mwili mzima.

"Tata," Koku akauliza, bado anatazama mbele, "unaogopa?"

Nilisikia filimbi ya Kocha ikigongagonga ubao wa Sindano nyuma yangu.

"Hapana," nikasema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Hivyo hivyo, mwanangu. Ila usigeuke."